Magunia Sita ya Haluli

Nilipewa funguo za stoo ya dawa kwa sababu ya mwandiko. Sababu nyingine sijawahi kuisikia mpaka leo. Nilikuwa nimesoma kwa masista kule Kifungilo, nikafundishwa kuandika herufi zilizosimama wima kama wanafunzi mstarini. Daktari mkuu alipoisoma barua yangu ya kuomba kazi ya unesi, aliigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele, akasema, "Huyu ataweza leja." Basi. Dawa zenyewe sikuzijua. Nilijua kwamba aspirini ni ya kichwa na dawa ya zambarau ni ya vidonda, na hayo kila mtu wa Usambara aliyajua, hata wale ambao hawajawahi kukanyaga hospitali.

Hospitali yetu ilikuwa moja ya zile za milimani, na sitaitaja, maana baadhi ya wahusika bado wapo na bado wanakunywa chai. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, wakati kila mtu alikuwa ndugu na kila kitu kilikuwa cha umma, isipokuwa makosa. Hayo yalikuwa ya mtunza stoo.

Mzee niliyempokea kazi alikuwa ameanza utumishi enzi za Mwingereza. Kwa majuma mawili alinifundisha yote aliyoyajua. Alinifundisha kwanza kunusa. Ukungu wa kwetu huingia mpaka ndani ya kabati, na aspirini ikishapata unyevu hutoa harufu ya siki. Ukifungua kopo ukahisi kachumbari, usimpe mtu. Alinifundisha kuweka makopo mapya nyuma na ya zamani mbele, na kutomwamini mtu yeyote anayesema anataka "kuangalia tu." Siku ya mwisho akanifundisha kuagiza.

"Hospitali inahitaji makopo mangapi ya klorokwini kwa miezi mitatu?" aliniuliza.

Nikatazama kadi za kwenye rafu. "Kumi."

"Andika thelathini."

"Lakini tunahitaji kumi, mzee."

"Ndiyo. Ukiandika kumi utaletewa matatu. Chini kuna bwana mwenye kalamu nyekundu. Yule hasomi, anakata."

Chini maana yake ilikuwa bohari kuu ya dawa iliyotuhudumia. Sisi wa milimani kila kisicho mlimani tulikiita chini, serikali ikiwemo.

"Na haluli?" nikauliza. Haluli ni ile chumvi ya kuendesha tumbo, wanayopewa waliofunga choo. "Gunia moja linatutosha mwaka mzima."

"Andika sita."

"Sita! Atakunywa nani?"

"Hakuna atakayekunywa, kwa sababu hayataletwa. Lakini ukiandika moja watakata lote. Na ukiacha mstari mtupu, mwakani watasema hamjui kazi ya haluli."

Nikaandika sita. Fomu ilikuwa na kopi nne, na karatasi za kaboni zilikuwa zimetumika mpaka zikawa na vitundu, kwa hiyo nililazimika kukandamiza kalamu kwa nguvu zote. Nilikandamiza uongo ule mpaka kidole kikaota sugu. Kila miezi mitatu sisi tuliomba mara tatu ya mahitaji, wao wakakata theluthi mbili, na ukweli ukapita katikati salama. Yule bwana wa chini alijua tunadanganya. Sisi tulijua kwamba anajua. Tuliishi hivyo miaka mitatu kwa amani kubwa, na nikaanza kujiona mtaalamu.

Halafu bwana wa kalamu nyekundu akahamishwa. Nafasi yake akapewa kijana aliyetoka masomoni nchi za baridi, mwenye cheti, na imani yake kwa wananchi ilikuwa haijaguswa na mtu. Huyu hakukata. Alikaa mezani kwake, akazisoma fomu zetu zote kwa heshima kama mtu anayesoma katiba, akaamua kwamba kila wilaya ipewe ilichoomba.

Mimi sikuyajua hayo. Niliyajua asubuhi moja, ukungu ukiwa bado umelala juu ya paa la wodi ya wazazi, niliposikia lori likikoroma kwenye kona ya mwisho. Nikatoka na daftari langu. Nyuma ya lori la kwanza kulikuwa na lori la pili.

"Umepotea njia?" nikamuuliza dereva wa lile la pili.

"Sijapotea, dada. Sote wawili ni wako." Akanipa hati ya mzigo, kisha akachomoa barua kutoka chini ya kiti chake. "Na hii ilitakiwa kukufikia mwezi uliopita. Wakaona ni afadhali ije na mzigo."

Barua ilisema kuanzia sasa maombi yatatekelezwa yalivyo, kwa kuwa wananchi wa vijijini si waongo. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye matope, na wananchi wa vijijini wakiwa wamenizunguka.

Tulishusha mzigo siku nzima. Ilishuka aspirini ya kutosha vichwa vyote kuanzia Mombo mpaka mpakani. Zilishuka bendeji za kuizungushia hospitali yenyewe mara mbili. Yakashuka magunia sita ya haluli, meupe, yamekaza, kila moja likihitaji wanaume wawili. Mistari yote ya fomu ilikuwa imetimizwa isipokuwa mmoja. Mbele ya klorokwini palikuwa na mhuri wa bluu: HAKUNA. Nchi nzima ilikuwa imeishiwa. Yaani kijana wa watu alinipa kila nilichodanganya, akaninyima kile kimoja nilichokihitaji kweli.

Stoo ilijaa kufikia adhuhuri. Aspirini ikaenda kwenye bafu la wafanyakazi lisilotoa maji. Bendeji zikawekwa chini ya vitanda vya wodi ya wanaume. Daktari mkuu, mtu mwembamba aliyeiogopa stoo kama wengine wanavyoogopa chumba cha maiti, alikuja mlangoni, akatazama, akasema, "Hongera," akaondoka. Magunia ya haluli yalikosa pa kukaa, nikayapanga kwenye ukumbi nje ya dirisha la dawa, mbele ya macho ya watu.

Hapo ndipo nilipokosea, maana mwaka huo sukari ilikuwa imeadimika. Duka la ushirika liligawa nusu kilo kwa kila nyumba, kwa orodha ya balozi wa nyumba kumi, na orodha ya balozi ilikuwa na ndugu zake wengi kuliko nyumba. Watu walikunywa chai kwa miwa, kwa asali, kwa kumbukumbu. Sasa gunia moja likapasuka pembeni, zikamwagika chembe nyeupe zinazong'aa. Mfagiaji akaziona. Ijumaa habari ikafika msikitini na Jumapili ikafika kanisani, kwamba binti wa stoo amelimbikiza sukari ya wananchi magunia sita. Sijaona tena dini zote mbili zikikubaliana jambo haraka namna ile.

Jumanne ikaja Kamati ya Chama, ile ya kusaka waliolimbikiza bidhaa. Walikuwa wanne: mwenyekiti, mzee mnene mwenye suti ya mikono mifupi na kalamu tatu mfukoni, katibu wake aliyebeba faili, na wajumbe wawili ambao kazi yao, nilivyoiona, ilikuwa kutikisa kichwa. Nikatoka nje, nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndugu mtunza stoo, hii ni nini?"

"Ni haluli, mzee."

"Magunia sita?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwani wilaya nzima imefunga choo?"

Wajumbe wakatikisa kichwa. Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka, nami ningecheka kama si kwamba nilikuwa naona mlango wa mahabusu. Nikaeleza habari ya fomu. Nikaeleza kalamu nyekundu, mara tatu, theluthi mbili. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mhalifu.

"Kwa hiyo unakiri kwamba ulimdanganya mkubwa wako kwa maandishi," alisema katibu, akiandika.

"Kila hospitali hufanya hivyo, ndugu katibu."

"Unakiri pia una washirika."

Daktari akaitwa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ile ni magnizia salfeti. Jina la kigeni likaharibu kabisa. Mmoja wa wajumbe akasogea hatua nyuma.

"Mzee," nikamwambia mwenyekiti, nikimnyooshea chembe chache kiganjani, "onja tu. Tia kidogo ulimini, utajua."

Aliutazama mkono wangu kama nimemshikia nyoka. "Kuonja si kazi ya Kamati," alisema. "Kamati inachukua kielelezo."

Nilitarajia kijiko kimoja kwenye karatasi. Wao wakaomba foronya. Nikawaletea ya wodi ya wazazi, wakaijaza mpaka ikasimama yenyewe, katibu akaifunga kwa kamba, na kielelezo kikaondoka kwa miguu kuelekea nyumbani kwa mwenyekiti. Niliambiwa nifike mbele ya kikao siku ya Alhamisi nikajibu mashtaka.

Jumatano sikula. Mama yangu alikaa nami jikoni akiniuliza kwa Kishambaa kama kweli sikuleta hata kidogo nyumbani, na sikujua kama ananilaumu kwa kuiba au kwa kutoiba. Alhamisi nikavaa gauni la kanisani, nikaenda ofisini kwao. Mlango ulikuwa umefungwa. Mhudumu akaniambia kikao kimeahirishwa, akidi haikutimia.

"Wamesafiri?"

"Wako majumbani kwao," alisema. "Hawawezi kukaa mbali na majumbani kwao."

Nilielewa siku iliyofuata. Mke wa mwenyekiti alikuja dirishani kwangu, kajifunika kanga mpaka puani, akasubiri watu wapungue.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Una dawa ya kufunga tumbo?"

"Ya mtu mmoja?"

Akatazama kushoto na kulia. "Ya wanaume wanne."

Nikampa kiti, akanisimulia. Jumatano jioni Kamati ilikaa nyumbani kwake kukichunguza kielelezo. Mume wake akamwambia achemshe chai, tena kubwa, leo wanywe kama watu. Kielelezo kikafunguliwa. Kila mmoja akatia vijiko vitatu, kwa sababu walikuwa wameikosa muda mrefu.

"Mume wangu akanywa wa kwanza," alisema. "Nikamwona uso umemkunjika kama mtoto anayepewa kwinini. Nikajua tayari. Akameza, akasema, 'Chai nzuri hii.' Basi wote wakanywa, wote nyuso zikawakunjika, na wote wakasema chai nzuri. Katibu akaongeza kijiko."

"Hakuna aliyesema ni chungu?"

"Aseme nani, mwanangu? Sukari ya mwenyekiti?"

"Na wewe, mama?"

"Mimi nilikunywa yangu kavu." Alicheka mpaka kanga ikamwanguka. "Vitu vya kesi havipiti mdomoni mwangu."

Nilimpa dawa ya wanaume wanne. Nakiri niliipima kwa mkono mwembamba kidogo. Baada ya wiki mbili ikaja barua yenye mhuri, ikisema Kamati imefanya uchunguzi wa kina na kuthibitisha kwamba kitu kile ni dawa. Foronya haikurudi.

Kesi ikaisha hivyo, lakini mimi nilikuwa nimeshiba uongo. Miezi mitatu ilipotimia nikakaa na fomu mpya, nikaapa nitaandika ukweli. Aspirini: sifuri. Bendeji: sifuri. Haluli: sifuri, nikaipigia mstari. Klorokwini: kumi na tano, kwa sababu masika yalikuwa yamenyesha sana na nilijua yatakuwaje huko bondeni. Nilijisikia msafi kama niliyetoka kubatizwa. Fomu ikashuka na basi la asubuhi.

Kule chini, yule kijana mwenye imani alikuwa amekwisha kuhamishiwa idara ya uvuvi. Nadhani wilaya zote zilipata malori mawili mawili, na mtu mmoja ilibidi awajibike. Bwana wa kalamu nyekundu alikuwa amerudishwa mezani kwake. Aliuona ukweli wangu na hakuutambua. Angewezaje, hakuwahi kuuona. Akaukata kama kawaida. Nikaletewa makopo matano.

Masika yalipokwisha, homa ikapanda mlima. Sisi wa juu tulikuwa na baridi ya kutulinda. Waliougua walikuwa wa tambarare, wa Mnazi na kando zake, na walikuja kwa miguu. Makopo matano yakawa manne, yakawa moja. Asubuhi moja alifika mama aliyembeba binti yake mgongoni, kaanza safari jana yake. Alinisalimu vizuri kwanza, akaniulizia hali ya nyumbani kwetu, kama kwamba nyuma yake hakuna mtoto anayetetemeka. Nilimwaga kopo la mwisho juu ya sahani ya kuhesabia. Vidonge vilitosha dozi ya yule mtoto, vikabaki viwili.

Nyuma yake foleni ilifika mpaka kwenye mti wa mkuyu. Wote wale niliwapa aspirini. Nilikuwa nayo bafu zima. Aspirini hushusha homa kwa saa chache, muda wa mtu kufika nusu ya njia akidhani amepona. Wengi walinishukuru. Mmoja wao alikuwa fundi cherehani, mwanaume wa makamo, alinitania kwamba dirisha langu ni dogo kuliko la benki. Baada ya siku tatu alirudishwa kwa machela. Alikuwa hamtambui mtu. Alifia wodini asubuhi ya pili yake.

Hakuna kamati iliyokuja kwa ajili yake. Nilikaa stoo nikiangalia makopo ya aspirini na nilitaka kuyatupa moja moja bondeni. Halafu nikakumbuka kwamba upande wa Mlalo kulikuwa na zahanati ya misheni, iliyopata dawa zake kwa njia zake, na kwamba nesi mkuu wake nilikuwa nimesoma naye.

Sikumwambia daktari. Kesho yake nilipakia juu ya basi la Mlalo makopo arobaini ya aspirini, marobota mawili ya bendeji na gunia moja la haluli, nikakaa juu ya kiti na leja mapajani. Rafiki yangu alinipokea, akanipeleka stoo kwake, akafungua makopo mawili na kuyanusa. Alikuwa amefundishwa vizuri yeye pia.

"Aspirini naipokea," alisema. "Bendeji napokea, tumeanza kufunga watu kwa mashuka. Unataka nini?"

"Klorokwini. Makopo kumi na mbili."

"Kumi na mbili! Mimi nina ishirini tu."

"Na wagonjwa wangapi?"

Akageuka kutazama kadi za rafu zake. Huko kwao ni juu, baridi. Homa haikuwa nyingi. "Nitakupa kumi na mbili," alisema mwishowe. "Lakini hilo gunia rudi nalo."

"Ni haluli safi kabisa."

"Najua ni haluli. Habari za chai zimefika mpaka huku."

Tulicheka sana, tukiwa tumeshikana mabega, na katikati ya kicheko nikaanza kulia, akaniacha nilie. Nikarudi na makopo yangu kumi na mawili. Yalitusogeza mpaka kiangazi. Hatukumpoteza mtu mwingine kwa kukosa kidonge, angalau si dirishani kwangu.

Niliandika yote kwenye leja: kilichotoka, kilichoingia, kwa nani, siku gani. Haikunijia akilini kuficha. Mkaguzi alipokuja, mtu mpole mwenye miwani, alipita kurasa za miaka mitatu ya uongo bila kuinua kichwa, kwa sababu hesabu zililingana. Alipofika ukurasa ule wa Mlalo akasimama. Akausoma mara mbili. Akauliza kibali kiko wapi.

Barua ya onyo kali ilifika baada ya mwezi. Nilikuwa nimehamisha mali ya umma bila idhini, na nimefanya biashara ya kubadilishana na taasisi isiyo ya serikali. Daktari mkuu aliniita ofisini, akaufunga mlango, akanisomea mwenyewe, polepole, akiruka sentensi moja niliyoisoma baadaye, iliyosema kwamba daktari mkuu naye ameonywa kwa kutoisimamia stoo yake. Kisha akanisogezea kalamu nitie sahihi kwamba nimeelewa.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Ungenikataza, daktari."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti lake jeupe, muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ndiyo," alisema. "Ningekukataza."

Nikatia sahihi. Nje, watu walikuwa wameshaanza kugonga dirisha.